Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama chetu cha magari ya zamani, Tabora

Ndugu wajumbe wa kamati ya utendaji, ndugu wanachama,

Tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha salama kwenye mkutano mkuu mwingine. Mwaka huu tumeondokewa na wazee wetu wawili waliokuwa nasi tangu chama kilipoanza. Kabla sijaendelea naomba tusimame kwa dakika moja tuwakumbuke. Ahsanteni.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, kwa hiyo nitazipitia haraka. Tulipeleka magari kwenye Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, tukafanya msafara wa Bwawa la Igombe, tukaenda Kwihara pamoja na wanafunzi, tukawa na siku ya matengenezo kila robo mwaka kule Cheyo, na tukafanya msafara mkubwa wa Kigoma ambao nitaugusia mbele. Yote yalikwenda vizuri. Picha anazo katibu, anayezitaka amwone.

MAHUDHURIO NA ADA

Hapa sitapita haraka. Daftari lina wanachama 38, na akidi ya kikao ni 19. Vikao viwili viliahirishwa kwa kukosa akidi, wazee wametoka Ng'ambo na Isevya kwa miguu, wamekaa, wamesubiri, wamerudi. Halafu wale wale wasioonekana kikaoni ndio wa kwanza kuandika usiku kwenye kundi la WhatsApp wakihoji kamati imepata wapi mamlaka ya kuamua. Katiba yetu iko wazi: wanaoamua ni waliohudhuria. Kiti hakina namna ya kumsubiri mtu ambaye hata udhuru hakutuma.

Ada ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 14, waliolipa nusu ni 9, na 15 hawajatoa hata senti. Tulitegemea shilingi 2,280,000, tumepata 1,110,000. Michango maalumu ya gari la chama ilikuwa 2,900,000, na tulivuka mwaka na bakaa ya 315,000. Jumla 4,325,000. Matumizi: injini ya Datsun 3,640,000, misafara, ukumbi na shajala 430,000. Bakaa ya leo ni 255,000. Mweka hazina ana stakabadhi zote na ameziweka mezani, anayetaka kuzipekua azipekue sasa hivi na si kesho kwenye simu.

Narudia ili isipotoshwe: katika fedha ya injini, 2,900,000 ilitolewa na watu waliotaja kwa maandishi kwamba ni ya injini. Kilichotoka kwenye mfuko wa kawaida ni 740,000. Maneno kwamba «ada zetu zote zimemezwa na gari moja» hayana ukweli, na wengi wanaoyasema wamo katika wale 15.

INJINI YA DATSUN YA CHAMA

Sasa nifike kwenye jambo lililotugawa. Kamati iliamua kwamba Datsun 1600 SSS ya chama ifanyiwe ovaholi injini yake yenyewe, L16, na tukakataa pendekezo la kuweka injini ya Toyota Noah. Nilisimamia uamuzi huo tangu mwanzo, nimesimamia kazi yenyewe mpaka gari likawaka, na leo naueleza kwa kirefu ili asiwepo wa kusema hakuelezwa.

Pendekezo la Noah halikuwa la kipuuzi. Injini ya Noah, iitwayo 3S, pamoja na giaboksi yake ilisemekana ingepatikana kwa 1,500,000, spea zake ziko kila duka, na vijana wetu mafundi wanaifahamu kuliko L16. Lakini bei hiyo ni ya injini ikiwa sakafuni. Kuiingiza ndani ya Datsun ni hesabu nyingine. Sampu yake, yaani bakuli la oili la chini, inagongana na kroosimemba, chuma cha mkingamo cha mbele, na vyuma vya usukani, kwa hiyo sampu ikatwe na kuchomelewa upya, na kikombe cha pampu ya oili kihamishwe. Mauntini zitengenezwe. Propela shafti ikatwe na ibalansiwe, na isipobalansiwa vizuri itatetemesha gari na kumaliza beringi ya nyuma ya giaboksi. Mkono wa gia hautaangukia kwenye tundu lake. Tangi liwekewe pampu ya umeme na bomba la kurudishia petroli, maana mfumo wa injekta unarudisha petroli tangini, na tangi la Datsun halikuundwa hivyo. Juu ya hayo kuna waya zote na kompyuta yake. Baada ya hapo uende TRA, kwa kuwa namba ya injini imo kwenye kadi ya gari na ikibadilika lazima taarifa zibadilishwe. Tulipopiga hesabu hiyo mbele ya kikao, tofauti ya bei ilikuwa imeyeyuka.

Hata kama ingekuwa nafuu, ningeipinga. Datsun 1600 SSS ndilo gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1970, likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, na Datsun wakachukua na zawadi ya timu. Ushindi ule ulipatikana kwa injini hii, L16 ya cc 1595 yenye kabureta mbili, na kwa ile suspensheni ya nyuma ambayo kila gurudumu linajitegemea. Mashindano ya magari ya zamani, ikiwemo Safari ya magari ya kale iliyoanza 2003, yanataka gari lenye injini ya aina yake. Tukiweka ya Noah tunabaki na bodi la Datsun la kuendea harusini.

Nieleze tulichokikuta, maana kuna wanaodai injini ilikuwa nzima na tumeifungua bure.

Gari lilikuwa linamis, yaani linakosa mpigo, likiwa silensa (injini inazunguka bila kukanyagwa pedali), na linatoa moshi wa buluu ukiachia pedali mtelemkoni. Tulipima mgandamizo injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, kabureta zimefunguliwa kabisa, betri imechajiwa. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilisoma kati ya psi 135 na 145. Ya tatu ilisoma 85. Tukatia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi ya silinda ya tatu tukapima tena. Ringi zingekuwa ndizo mbovu, kipimo kingepanda sana. Hakikupanda, kwa hiyo mgandamizo ulikuwa unatorokea kwenye valvu au gasketi. Hivyo ndivyo tulivyojua lazima silinda hedi itoke, na kila aliyekuwepo siku ile alikiona kipimo kwa macho yake.

Kutoa hedi ya L16 kuna mtego mmoja ambao umeharibu injini nyingi. Cheni ya kamshafti inakazwa na tenshena ya springi iliyo ndani ya kava ya mbele. Ukichomoa sproketi ya juu bila kuizuia cheni, tenshena inaruka kutoka mahali pake, na hapo hufungi tena mpaka ung'oe kava yote ya mbele, puli na sampu. Dawa yake ni kabari ya mbao inayoshushwa katikati ya cheni kabla hujagusa boti ya sproketi. Ya kwetu ilichongwa kwa mninga, nyembamba chini na nene juu, ikatobolewa na kufungwa waya wa kuivutia, ili isidumbukie ndani ikabaki huko. Cheni na sproketi zinatiwa alama ya rangi kwanza ili taiming irudi ilivyokuwa. Na ziko boti mbili ndogo mbele kabisa zinazoshika hedi na kava ya taiming. Fundi akizisahau, atachokonoa hedi kwa bisibisi akidhani imegandia, na kava inapasuka. Kabari ile sasa ni mali ya chama, iko kabatini kwa katibu, mwenye Datsun yoyote ya injini ya L aiazime.

Hedi ilipotoka tulikuta valvu ya ekzosi ya silinda ya tatu imeungua ukingoni, kipande kama ukucha kimeliwa. Sababu zilikuwa mbili na zote ni za uzembe wa miaka. Kwanza, nafasi ya valvu haikuwahi kupimwa. Vipimo vya injini hii ikiwa ya moto ni milimita 0.25 kwa inleti na 0.30 kwa ekzosi. Ikiwa ya baridi ni 0.20 na 0.25. Valvu inapojichimbia kwenye siti yake nafasi inapungua, na wengi wanafurahi kwa sababu injini inakuwa kimya. Ukimya huo ndio hatari. Valvu isiyofunga sawasawa haipoi, maana joto lake linatoka kupitia siti, na mwishowe inaungua. Pili, gasketi ya manifoldi ilikuwa inavuta hewa upande wa silinda ya tatu, mchanganyiko ukawa mwepesi na moto ukazidi.

Wapo waliosema tungebadilisha valvu moja tukafunga. Tulipima silinda. Saizi ya kiwandani ni milimita 83. Juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, zilikuwa zimelika mpaka kikomo cha milimita 0.2 kinachotajwa na kitabu. Kuweka hedi mpya juu ya silinda za namna hiyo ni kuongeza mgandamizo juu ya ringi zilizochoka, na moshi ungezidi. Ndiyo maana tuliribo, yaani tulizichonga silinda upya, hadi 83.5. Hapa nitaje faida moja ambayo wapinzani wetu hawaitaji: silinda ya L16 na ile ya L24 ya Datsun 240Z zina kipenyo kimoja, milimita 83, na mwendo mmoja wa pistoni, 73.7. Kwa hiyo seti ya ringi ya 240Z, ambayo inakuja ya silinda sita, inatufaa na inatuachia akiba ya silinda mbili. Spea za injini hii hazijafa kama tunavyoambiwa, ni kuzijua tu.

Kazi ya mashine ilibidi irudiwe. Karakana ya kwanza iliturudishia bloku ambayo kuta zake zilikuwa zinang'aa kama kioo, na pale tulikataa kuipokea. Ukuta wa silinda mpya unatakiwa uwe na mikwaruzo ya kupishana ya honi (kifaa cha kusugulia silinda), ndiyo inayoshika oili na kuzikalisha ringi. Ukuta unaong'aa, ringi hazikai, na gari linakula oili tangu siku ya kwanza. Bloku ikapelekwa Mwanza kwa watu wengine. Ucheleweshaji uliolalamikiwa ulitokana na hilo, na afadhali ucheleweshaji kuliko kufunga vitu vya kuja kufunguliwa.

Gharama kwa mafungu: mashine na hedi 720,000, pistoni na ringi 890,000, gasketi, beringi na seti ya cheni 1,150,000, seti za kabureta 480,000, usafiri, oili na mengineyo 400,000.

Kuhusu petroli isiyo na risasi, hofu iliyosambazwa kwamba itaua injini yetu haina msingi kwa gari hili. Hedi ya L16 ni ya aluminiamu na siti zake za valvu zimepachikwa, na ile ya ekzosi ni chuma kinachostahimili joto. Wanaopaswa kuangalia ni wenye hedi za chuma cha kuchongwa siti humo humo, kama baadhi ya Ford na Austin za miaka ya 60: hao wapime nafasi ya valvu mara kwa mara, na wakiona inapungua haraka wapachike siti ngumu.

KABURETA

Hapa napo palikuwa na maneno, kwamba kabureta mbili za Hitachi hazisetiki na tungefunga moja ya Nissan Sunny. Zinasetika. Anayesema hazisetiki anaanza mwishoni.

Kwanza valvu, pointi na taiming ziwe sawa, kwa sababu kabureta haiponyi moto mbovu. Pointi milimita 0.50, plagi BP6ES, nafasi 0.8. Injini ipate moto. Toa vichujio vya hewa, ingiza kidole kwenye koo la kabureta, inua pistoni yake taratibu, iachie. Inatakiwa ishuke yenyewe na igonge «tak» ya chuma kwa chuma. Ikishuka kwa kusitasita, kuna vumbi au sindano imepinda. Fungua kengele ya juu, yaani kifuniko cha pistoni, osha kwa petroli na kitambaa laini. Msasa usiguse humo ndani kabisa, pistoni na kengele yake zimepimana kiwandani na hazibadilishani na za kabureta ya pili. Kwenye kijiti cha juu weka oili nyepesi, SAE 20, mpaka alama. Oili ikikauka, gari linakohoa kila ukikanyaga ghafla, na hapo ndipo watu wanaanza kulaumu jeti.

Kisha usawa. Legeza kiungo kinachounganisha kabureta mbili. Chukua kipande cha mpira wa bomba, weka ncha moja sikioni na nyingine kwenye koo la kwanza, sikiliza mluzi wa hewa, halafu la pili. Zungusha skrubu ya silensa mpaka miluzi ilingane, ndipo ufunge kiungo. Baada ya hapo mchanganyiko: nati iliyo chini ya kabureta. Inua pistoni kidogo tu, kama milimita moja. Silensa ikipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Ikishuka papo hapo na injini kutaka kuzima, petroli ni pungufu. Ikipanda kidogo kisha ikarudi, iache hapo. Rudia kwa kabureta ya pili, halafu rudi ya kwanza, maana moja inaivuta nyingine.

Vumbi la Tabora ni laini na linapita kwenye kichujio cha karatasi kilichochoka. Tunatumia sponji iliyolowekwa oili na kukamuliwa, inafuliwa kila baada ya msafara. Si hiari hiyo.

MSAFARA WA KIGOMA

Tulipita Urambo, Kaliua, tukavuka Malagarasi, Uvinza, hadi Kigoma. Yalitoka magari manane, yamefika manane, na Datsun ya chama ilikwenda na kurudi kwa injini yake. Naomba hilo liandikwe kwenye kumbukumbu.

Tulichojifunza ni cha manufaa kwa kila mwenye kabureta. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ufuko wa Ziwa Tanganyika pale Kigoma ni karibu mita 770. Hewa ya chini ni nzito zaidi, kwa hiyo gari lililosetiwa vizuri kabisa Tabora linafika Kigoma likiwa na petroli pungufu kidogo. Dalili zake ni kukohoa kupitia kabureta ukiwa bado hujapata moto, na plagi kuwa nyeupe. Nati ya jeti irudishwe robo zungusho tu, na ukirudi Tabora uikaze ilipokuwa. Waliotangulia kufungua distribyuta walipoteza muda.

Tatizo la pili lilikuwa petroli kuchemka baada ya kusimama. Kwenye Datsun kabureta zimekaa juu kabisa ya manifoldi ya ekzosi. Gari likitembea upepo unazipoza. Likisimama juani Uvinza dakika kumi, joto lote linapanda, petroli inachemka kwenye vikombe, gari haliwaki. Usikanyage pedali mfululizo wala usimalize betri. Fungua boneti, weka kitambaa cha maji kwenye pampu ya petroli, subiri, kisha piga stata ukiwa umekanyaga pedali mpaka chini bila kuipampu. Lile bati la kuzuia joto kati ya manifoldi na kabureta, ambalo mafundi wengi wanalitupa wakiona linawasumbua spana, ni lazima lirudishwe.

Wenye Peugeot 404 nina maneno mawili kwenu. Kwanza, difu ya 404 ni ya skrubu inayozungusha gurudumu la aloi ya shaba. Kiwanda kiliitengenezea oili yake yenye asili ya mafuta ya nyonyo. Oili za kisasa za difu zenye dawa ya salfa nyingi zinaila shaba ile, na gurudumu likiisha hupati jingine. Na mtu asiende kununua nyonyo ya duka la dawa akamimina humo: haina viambato vyake na itaganda kama gundi. Ulizeni kwanza, kamati ina maelezo. Pili, silivu (kuta za silinda zinazochomoka) za 404 na 504 zinakaa ndani ya maji na zimeshikwa na hedi peke yake. Ukitoa hedi, zibane kwa boti na washa pana kabla hujagusa kitu, na krankshafti isizungushwe. Silivu ikinyanyuka hata kidogo, sili ya chini inavunjika, maji yanaingia kwenye sampu na oili inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Mwaka huu limetokea kwa mwanachama mmoja aliyekuwa na haraka.

KUMBUKUMBU ZA WAZEE

Kamati ilianza kurekodi simulizi za wazee walioyamiliki magari haya yakiwa mapya na waliowahi kuyashindanisha. Kazi hii niliianzisha kwa nguvu zangu, kwa simu yangu na bando langu, na naona fahari nayo. Tumepata mambo ambayo hayamo kwenye vitabu vya mafundi: jinsi bamba la kukinga sampu lilivyochongwa kwa pipa la mafuta likakunjwa mara mbili, jinsi springi za nyuma zilivyoongezwa majani, jinsi mtu alivyobeba fenibelti, kondensa na pointi za akiba ndani ya soksi chini ya kiti kwa sababu zilikuwa adimu kuliko petroli. Na petroli yenyewe ilikuwa na miaka yake migumu, Jumapili baada ya saa nane mchana gari binafsi halikuruhusiwa barabarani. Ukijumlisha hilo na vizuizi vya kuagiza spea, unaelewa kwa nini Datsun nyingi za Tabora ziliishia chini ya miembe zikiwa hazina hata kabureta.

Simulizi tunazilinganisha na rekodi, kwa heshima zote kwa wazee. Kwa mfano Datsun iliyoshinda Safari Rally ya 1970 ni 1600 SSS. Ya 1971, Herrmann tena, na ya 1973, Shekhar Mehta na Lofty Drews, ni 240Z. Katikati, 1972, alishinda Hannu Mikkola na Ford Escort RS1600, dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki. Na vijana wanaodhani Tanzania haina lake wajue kwamba Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa nchini, alishinda 1966 na 1967 mfululizo, akiwa na Chris Rothwell, kwa Peugeot 404. Ndiyo hiyo hiyo 404 ambayo leo tunaiona imebeba mkaa.

Kazi ya kurekodi imesimama kwa kuwa hakuna aliyejitokeza kusaidia kuandika. Nimeomba vikaoni, nimeomba kwenye kundi. Wazee hawatusubiri.

MWAKA UJAO

Tunatarajia, Mungu akipenda, kufanya msafara wa Sikonge na Ipole baada ya mvua, kutafuta banda la kudumu la magari, na kuzungumza na wenzetu wa Kigoma kuhusu siku ya pamoja ya mashindano ya kutunza muda, yale ya kufika kwa wakati uliopangwa na si ya kukimbizana. Wafadhili tutawatafuta. Giaboksi ya Datsun inaanza kulia gia ya tatu, nadhani ni sinkronaiza, lakini haitafunguliwa mpaka ada zifike walau nusu ya daftari.

Injini inakamilisha kilomita 1,000 za mwanzo. Mpaka hapo hakuna anayeruhusiwa kuipandisha zaidi ya mizunguko 3,000, wala kuivuta kwa gia kubwa mlimani. Oili ya kwanza imeshamwagwa kwenye kilomita 500 na hedi imekazwa upya, kutoka katikati kwenda nje. Ufunguo unabaki kwa mwenyekiti. Najua wengine hawapendi hilo, lakini injini iliyofungwa kwa jasho la watu wachache haitatolewa kwa kila anayetaka kupiga nayo picha.

Mweka hazina yupo mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Tabora